Wakala wa wanamitindo

Wakala wa wanamitindo ni mtu au kampuni inayomtafutia mwanamitindo kazi za kuonyesha mavazi jukwaani, kupigwa picha za majarida na kushiriki matangazo ya biashara, kisha kuchukua sehemu ya malipo ya kazi hizo. Ni nadra mwanamitindo, ambaye mitaani Dar es Salaam huitwa pia modo, kuajiriwa moja kwa moja na mbunifu wa mavazi au kampuni ya vipodozi. Wateja hao humwendea wakala, wakala huwapelekea watu wake, nao huchagua. Hivyo asiye na wakala hubaki nje hata akiwa na sura, umbo na mwendo unaotakiwa.

Kumpata wakala ni hatua ngumu kuliko nyingine zote katika kazi hii, na ugumu huo ni wa namna mbili. Kwanza, mawakala wa kweli ni wachache, nao huwakataa karibu wote wanaowaendea. Pili, miongoni mwa wale wanaokubali haraka wamo wengi ambao si mawakala hata kidogo. Hao huuza picha, mafunzo, fomu au ahadi ya safari, na baadhi yao ni wasafirishaji haramu wa watu. Alama inayowatofautisha zaidi ni njia ya fedha. Wakala wa kweli hulipwa baada ya mwanamitindo kufanya kazi, na hulipwa kutokana na kazi hiyo. Anayedai kulipwa na kijana kabla ya kazi yoyote anafanya biashara nyingine.

Historia

Biashara ya uwakala ilianzia Marekani. John Robert Powers alifungua ofisi yake mjini New York mwaka 1923. Mwaka 1946, katika mji huohuo, Eileen Ford na mumewe Gerard walianzisha Ford Models. Wakati ule mwanamitindo aliweza kumaliza kazi akasubiri muda mrefu kabla ya mteja kumlipa. Ford walianza kumlipa mwanamitindo kwa fedha zao, kisha wao wenyewe wakamdai mteja. Wazo hilo la wakala kutanguliza fedha liliwapa sifa nzuri na limebaki mpaka leo, ingawa limekuwa pia chanzo cha madeni yanayoelezwa hapa chini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 John Casablancas alianzisha Elite mjini Paris, na mwaka 1977 akafungua tawi New York. Mashindano kati ya Elite na Ford yalipandisha malipo ya wanamitindo maarufu. Mwaka 1983 Elite ilianzisha shindano la kutafuta vijana katika nchi nyingi, na tangu hapo mashindano ya namna hiyo yakawa mlango mmojawapo wa kuingia katika kazi hii. London nako Sarah Doukas alianzisha Storm mwaka 1987.

Hadithi za kugunduliwa

Watu wengi huijua kazi ya wakala kupitia hadithi za bahati. Mwaka 1988 Sarah Doukas alimwona Kate Moss, msichana wa miaka 14 kutoka Uingereza, katika uwanja wa ndege wa JFK mjini New York. Alek Wek, aliyezaliwa Wau, Sudan ya leo ya Kusini, alikimbilia London mwaka 1991 kwa sababu ya vita. Mwaka 1995 msaka vipaji alimkuta sokoni Crystal Palace, na baadaye akawa mmoja wa wanamitindo weusi waliobadilisha sura ya majarida ya Ulaya na Marekani.

Hadithi iliyo karibu zaidi na Afrika Mashariki ni ya Iman. Alizaliwa Mogadishu mwaka 1955, na mwaka 1975 alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipokutana barabarani na mpiga picha Mmarekani Peter Beard. Alipofika New York, Beard aliwaambia waandishi wa habari kwamba alimkuta akichunga mifugo porini. Ulikuwa uongo mtupu: Iman alikuwa binti wa mwanadiplomasia, alisoma sayansi ya siasa na alizungumza lugha kadhaa. Uongo huo ulimuuza, maana wateja wa wakati ule walitaka Mwafrika wa kuokotwa nyikani kuliko msichana msomi wa mjini.

Hadithi kama hizi ni za kweli kwa wale wachache zilizowatokea, lakini huwapotosha wasomaji wake. Kijana anajifunza kwamba wakala atamjia mwenyewe, barabarani au kwenye simu, naye anapofikiwa na mgeni mwenye maneno matamu haoni ajabu. Matapeli wanaijua hadithi hiyo vizuri, na huitumia. Katika hali ya kawaida ni kijana anayemtafuta wakala, tena mara nyingi, na jibu huwa hapana au kimya.

Namna wakala anavyofanya kazi

Wakala huweka orodha ya watu wake pamoja na picha na vipimo vyao. Mteja anapohitaji watu, kwa mfano wanawake wanne wa kuonyesha magauni, wakala huwapeleka wanaofaa kwenye usaili. Wakala hujadili bei, huandika mkataba wa kazi, hudai malipo na hueleza picha zitatumika wapi na kwa muda gani. Jambo hili la mwisho lina uzito mkubwa kifedha, kwa sababu picha ya tangazo la mwezi mmoja katika nchi moja haina bei sawa na picha hiyohiyo ikitumika dunia nzima kwa miaka miwili. Mwanamitindo asiye na wakala mara nyingi huuza picha yake mara moja, kisha huiona kwenye mabango kwa miaka bila kulipwa tena.

Malipo ya wakala huitwa kamisheni. Marekani kiwango cha kawaida ni asilimia 20 ya malipo ya mwanamitindo, na mara nyingi wakala humtoza mteja asilimia 20 nyingine juu yake. Kazi ikiwa ya dola 1,000, mteja hutoa dola 1,200. Wakala huchukua dola 200 upande wa mwanamitindo na dola 200 upande wa mteja, jumla dola 400. Mwanamitindo hubaki na dola 800 kabla ya kodi na kabla ya kukatwa gharama alizotangulizwa. Mwaka 2002 baadhi ya wanamitindo waliwashtaki mawakala wakubwa wa New York wakidai kwamba walikuwa wamepatana kupanga viwango vya kamisheni, na kesi hiyo ikaishia kwa maafikiano ya kulipa fedha.

Wakala wa kwanza anayemchukua kijana huitwa wakala mama. Kwa kawaida huyu anaishi katika mji au nchi ya kijana mwenyewe. Humfundisha kutembea, humwandalia picha, kisha humtafutia mawakala wengine Paris, Milano, London, New York au Cape Town. Hupata sehemu ndogo ya mapato ya kijana huyo popote anapofanya kazi, na katika mikataba mingi sehemu hiyo hutolewa katika kamisheni ya wakala wa ng'ambo, si katika fedha za mwanamitindo. Wakala mama mzuri humpigania kijana wake akiwa mbali. Akiwa mbaya, anaweza kumfunga kwa miaka mingi bila kumtafutia chochote, huku mkataba ukimzuia kwenda kwingine.

Kukataliwa

Wakala hapimi uzuri kama watu wa mtaani wanavyoupima. Anapima kama mtu huyu ataweza kuuzwa kwa wateja alio nao msimu huu. Kwa jukwaa la mavazi ya bei ghali wanawake hutakiwa kuwa na urefu wa takribani sentimita 172 hadi 180 au zaidi kidogo, na wanaume takribani sentimita 185 hadi 190. Nguo za maonyesho hushonwa kwa kipimo kimoja kabla mvaaji hajajulikana, kwa hiyo anayevaa ndiye anayetakiwa kuiendea nguo. Mwenye sentimita 165 atakataliwa hata kama kila mtu nyumbani kwao humwita malkia.

Matangazo ya biashara yana nafasi pana zaidi. Benki, kampuni za simu, sabuni na vyakula hutafuta sura za watu wa kawaida wa umri mbalimbali, na urefu hauna maana kubwa. Wengi waliokataliwa na wakala wa jukwaa wangeweza kupokelewa na wakala wa matangazo, ila hawajui kwamba hizo ni kazi mbili tofauti.

Sababu nyingine ya kukataliwa ni rangi ya ngozi. Donyale Luna alikuwa mwanamitindo mweusi wa kwanza kuonekana kwenye jalada la Vogue ya Uingereza, mwaka 1966, na Beverly Johnson kwenye ile ya Marekani mwaka 1974. Hata baada yao, wanamitindo weusi wamesimulia mara nyingi jinsi mawakala walivyowaambia kwamba tayari wanaye mmoja, kana kwamba nafasi ya watu weusi ilikuwa kiti kimoja. Bethann Hardison, mwanamitindo mweusi wa Marekani, aliamua kufungua uwakala wake mwenyewe New York mwaka 1984. Mwaka 2013 aliandikia mabaraza ya mitindo ya miji mikuu minne akiwataja wabunifu waliotumia mweusi mmoja tu au kutomtumia kabisa. Hali imebadilika tangu wakati huo, lakini mabadiliko hufuata matakwa ya wateja, na matakwa hayo hupanda na kushuka.

Dini na mila nazo huingia. Halima Aden, Msomali aliyezaliwa mwaka 1997 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya na kukulia Marekani, alichukuliwa na wakala IMG mwaka 2017 kwa sharti kwamba hatavua hijabu. Mwaka 2020 aliacha kazi za jukwaani akieleza kwamba kazi hiyo ilikuwa imemfanya alegeze masharti ya dini yake kidogo kidogo. Mfano wake huonyesha kwamba sharti laweza kuandikwa kwenye mkataba na bado likahitaji kutetewa kila siku ya kazi.

Afrika Mashariki

Nchini Tanzania, Kenya na Uganda soko la uanamitindo ni dogo, na mawakala wanaoishi kwa kamisheni pekee ni wachache. Sababu ni ya hesabu tu. Kamisheni ya asilimia 20 ya malipo madogo ni fedha ndogo mno, haiwezi kulipa pango la ofisi. Matokeo yake ofisi nyingi zinazojiita za mawakala huishi kwa kazi nyingine, kama kuandaa maonyesho, kupeleka wasichana wa kupokea wageni kwenye hafla za makampuni, kutafuta watu wa video za muziki, kupiga picha, au kufundisha mwendo kwa ada. Kazi hizo si haramu. Tatizo ni kwamba kijana anayelipa ada ya mafunzo hudhani amepata wakala, kumbe amepata mwalimu.

Kwa muda mrefu mashindano ya urembo yalishika nafasi ya wakala katika eneo hili. Happiness Millen Magese alikuwa Miss Tanzania mwaka 2001, akaenda Afrika Kusini na baadaye New York, ambako alifanya kazi chini ya Ford. Flaviana Matata alishinda Miss Universe Tanzania mwaka 2007 akiwa na kichwa kilichonyolewa, jambo lililozua mjadala nyumbani, akaingia kumi bora ya dunia mjini Mexico City. Naye alipitia Afrika Kusini kabla ya kufika New York. Nchini Kenya, Ajuma Nasenyana, Mturkana kutoka Lodwar aliyekuwa mwanariadha, alianza kujulikana kupitia shindano la urembo la Nairobi mwaka 2003, kisha akachukuliwa na mawakala wa ng'ambo.

Mlango mwingine ulikuwa televisheni. Shindano la Face of Africa la M-Net lilianza mwaka 1998, na mshindi wake wa kwanza, Oluchi Onweagba wa Nigeria, alipewa mkataba na Elite New York. Baadaye yeye mwenyewe aliongoza Africa's Next Top Model, ambapo Aamito Lagum wa Uganda aliibuka mshindi wa kwanza. Ndani ya nchi, Swahili Fashion Week iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2008 na mbunifu Mustafa Hassanali imewapa vijana jukwaa la kuonekana bila kuvaa taji.

Kuna pia wanaofika kwa wakala kwa sababu familia zilihama. Herieth Paul, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1995, alihamia Kanada na mama yake aliyefanya kazi ubalozini Ottawa, na huko ndiko alikopata wakala akiwa bado kijana mdogo. Aliyebaki Mbagala au Mwanza na urefu uleule hana ofisi ya kuingia baada ya masomo. Anatakiwa kupata pasipoti, viza na nauli, na ubalozi hauangalii mwendo wa mtu bali akaunti ya benki na barua ya mwaliko. Marekani mwanamitindo anaweza kuombewa viza ya H-1B, ambayo watu wengi huijua kwa wahandisi wa kompyuta, lakini ombi hilo linapelekwa na wakala wa huko, na lazima lithibitishe kwamba mhusika tayari ana sifa. Kwa anayeanza, sharti hilo ni fundo: hapati viza bila sifa, na sifa haziji bila viza.

Gharama na madeni

Baada ya kusaini mkataba na wakala wa kweli, ugumu hubadilika sura. Wakala hutanguliza nauli, ada ya viza, kodi ya chumba ambamo wanamitindo kadhaa hulala pamoja, picha za majaribio na fedha ya matumizi ya wiki. Vyote huandikwa kama deni na kukatwa katika malipo yatakayokuja. Kazi zisipokuja, deni hubaki.

Mwanasosholojia Ashley Mears, aliyefanya kazi ya uanamitindo New York na London huku akiichunguza, alieleza hali hii katika kitabu chake Pricing Beauty cha mwaka 2011. Alionyesha kwamba kazi za sifa, kama kurasa za majarida makubwa, hulipa kidogo sana au hazilipi kabisa, wakati kazi zisizo na sifa, kama picha za katalogi za maduka, ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Hivyo msichana anaweza kuonekana kwenye jarida ambalo rafiki zake wote wanalifahamu huku akidaiwa na wakala wake.

Suala hili lilijitokeza kwa uchungu Kakuma. Mafanikio ya wanamitindo wenye asili ya Sudan Kusini, kama Adut Akech aliyeishi Kakuma utotoni kabla ya kuhamia Australia, yaliwavuta wasaka vipaji kambini. Mwaka 2023 gazeti la Uingereza The Sunday Times lilichapisha uchunguzi juu ya vijana wakimbizi waliopelekwa Ulaya, wakapata kazi chache au wasipate, na kurudishwa kambini wakiwa na deni la maelfu ya yuro. Kutanguliza gharama ni jambo la kawaida katika biashara hii na limeandikwa mikatabani, lakini deni hilo halina uzito mmoja kwa kila mtu. Msichana wa Paris akishindwa hurudi kwa wazazi wake na kutafuta kazi nyingine. Mkimbizi hurudi mahali ambapo kisheria hana uhuru wa kuajiriwa apendavyo, na deni likiwa kubwa kuliko fedha yoyote aliyowahi kushika.

Utapeli na unyonyaji

Mbinu za matapeli ni chache na hurudiwa. Mmoja hutangaza usaili hotelini, huwasifu wote waliofika, kisha huwaambia kila mmoja alipie fomu. Mwingine humwambia kijana kwamba ana kipaji, ila lazima apigwe picha na mpiga picha fulani kwa bei fulani, na fedha hiyo ndiyo biashara yake yote. Wengine hufungua kurasa za Instagram zenye jina na nembo ya wakala maarufu wa Paris au New York, huandika ujumbe kwa WhatsApp na kuomba picha za nusu uchi kwa madai ya kuangalia vipimo. Picha zikishatumwa, huanza kudai fedha ili wasizisambaze.

Hatari kubwa zaidi ni ya safari. Ahadi ya kazi ya uanamitindo katika nchi za Ghuba, Asia au Ulaya, yenye tiketi iliyokwisha lipiwa na viza ya utalii, imetumika kama chambo cha usafirishaji haramu wa watu. Dalili zake zinajulikana: haraka isiyo na sababu, mkataba usioonyeshwa kabla ya safari au ulio katika lugha asiyoijua msafiri, kukatazwa kuwaambia wazazi, na pasipoti kuchukuliwa na mwenyeji baada ya kufika. Nchini Tanzania kosa hili lina sheria yake ya mwaka 2008, Kenya ya mwaka 2010 na Uganda ya mwaka 2009.

Hata kwa mawakala wenye leseni unyanyasaji wa kingono haukukosekana. Mfaransa Jean-Luc Brunel, aliyeendesha ofisi za uwakala Paris na Marekani kwa miongo kadhaa, alikamatwa Desemba 2020 kwa tuhuma za kuwabaka wasichana wadogo. Alizikana, akafa gerezani Paris Februari 2022 kabla ya kuhukumiwa. Nchini Tanzania mtu mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kumpa mtu ajira au haki nyingine anatenda kosa la rushwa ya ngono chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na malalamiko hupelekwa TAKUKURU.

Maombi kwa wakala

Mawakala wengi wanaojulikana hupokea maombi bure kupitia tovuti zao au kwa siku maalumu za kufika ofisini. Hawahitaji picha za studio. Wanataka picha nne au tano zilizopigwa kwa simu mchana, karibu na dirisha, mbele ya ukuta mtupu: uso kwa mbele, uso kwa ubavu, mwili mzima kwa mbele na kwa ubavu, bila vipodozi, nywele zikiwa zimefungwa nyuma, nguo zikiwa za kawaida zenye kubana. Wanataka pia umri, mji, urefu na vipimo vya kifua, kiuno na nyonga. Anayeongeza sentimita tano kwenye urefu wake hugunduliwa siku ya kwanza, kwa sababu jambo la kwanza kufanywa ofisini ni kupimwa ukutani.

Majibu huchukua wiki kadhaa, na wengi hawajibiwi. Ujumbe unaodai kutoka kwa wakala fulani unaweza kuhakikiwa kwa kumwandikia wakala huyo kupitia anwani iliyo kwenye tovuti yake, si kwa kujibu namba iliyotuma ujumbe. Orodha ya wanamitindo wa wakala wa kweli huwa wazi kwa kila mtu, na majina yake hupatikana pia katika kazi zilizochapishwa na wateja.

Mkataba husomwa kabla ya kusainiwa, ikiwezekana na mtu anayejua sheria. Maswali yake makubwa ni muda wake na kama unajirudia wenyewe ukiisha, eneo unalohusu, kiwango cha kamisheni, gharama zipi zinatangulizwa na nani anaziidhinisha, deni linakuwaje mkataba ukivunjika, na nani ana haki ya kuridhia matumizi ya picha. Mwenye umri chini ya miaka 18 husainiwa na mzazi au mlezi. Kipengele cha deni ndicho kinachosahaulika zaidi, labda kwa sababu siku ya kusaini hakuna anayefikiria kushindwa.

Sheria

Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema kwamba mawakala binafsi wa ajira wasiwatoze wafanyakazi ada, ingawa unaruhusu nchi kuweka vighairi. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1973 inakataza kumtoza mtu ada kwa ajili ya kumtafutia kazi, na ina masharti maalumu kwa wasanii na wanamitindo. Ufaransa humhesabu mwanamitindo kuwa mwajiriwa, na wakala wake lazima awe na leseni. Tangu mwaka 2017 nchi hiyo pia inadai cheti cha daktari kuthibitisha kwamba afya ya mwanamitindo, pamoja na uzito wake, inaruhusu kazi. Mwaka huohuo makampuni ya LVMH na Kering yalikubaliana kutotumia watu walio chini ya miaka 16 kuonyesha mavazi ya watu wazima.

New York, kitovu cha biashara hii, ilikuwa na mwanya mkubwa: mawakala walijiita mameneja, hivyo wakaepuka sheria za mawakala wa ajira. Chama cha Model Alliance, kilichoanzishwa mwaka 2012 na mwanamitindo Sara Ziff, kilidai mabadiliko kwa miaka kadhaa. Sheria mpya ilisainiwa Desemba 2024 na kuanza kutumika Juni 2025. Inawalazimisha mawakala kujisajili na kutanguliza maslahi ya mwanamitindo, inazuia kamisheni kupita asilimia 20, inakataza kudai amana au ada ya kujiunga, na inaweka kikomo cha miaka mitatu kwa mkataba. Inataka pia ridhaa ya maandishi kabla ya kutengeneza nakala ya mwanamitindo kwa akili mnemba.

Nchini Tanzania wakala binafsi wa ajira anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999, na shughuli za sanaa, yakiwemo mashindano ya urembo na maonyesho ya mavazi, husimamiwa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Usajili wa jina la biashara BRELA ni jambo jingine kabisa: cheti chake huthibitisha kwamba jina limesajiliwa, hakithibitishi kwamba mwenye jina anaruhusiwa kupeleka watu kazini nje ya nchi. Nchini Kenya leseni za mawakala wa ajira zinashughulikiwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na majina ya waliosajiliwa yanaweza kuulizwa huko kabla ya safari.